Duara la Asubuhi

Gervasi, mpelelezi wa Muyinga, alikuwa ameshalifunga faili kwa kamba kabla Adventina hajapata pa kukaa.

"Ukitaka kumwona, mwone," alisema. "Ila Ijumaa faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka, uwe umeridhika au hujaridhika."

Adventina, mpelelezi mwenzake, alikuwa ametoka Gitega alfajiri kwa basi la njia ya Karuzi, maana gari la polisi lilikuwa kwenye foleni ya mafuta tangu juzi, na dereva amelala ndani yake. Vumbi la kiangazi lilikuwa limemwingia hadi masikioni. Alijifuta uso, akaivuta ile kamba mpaka fundo likafunguka.

Faili lilikuwa jembamba. Husni Zuberi, kijana wa Gitega mwenye miaka kumi na mitano, alikwenda mwezi wa Agosti kwenye kambi ya skauti juu ya mlima Nyarugoma, nje kidogo ya mji wa Muyinga. Asubuhi moja hakuonekana. Mkuu wa kambi, mwalimu mstaafu Egidius, akatangaza kwamba kijana ametoroka kulipopambazuka. Mchana akakutwa chini ya shimo la zamani la kuchimbia mawe, amekufa. Habari ingeishia hapo, lakini daktari aliandika mambo mawili yaliyomkera kila mtu. La kwanza, kijana alikufa muda mrefu kabla ya mapambazuko. La pili, hakufa papo hapo. Mguu ulivunjika, na chini ya kucha zake kulikuwa na udongo. Alijaribu kutambaa.

"Mtu aliyekufa usiku hawezi kutoroka alfajiri," Adventina alisema.

"Ndiyo maana nimekamata mtu." Gervasi alinyoosha kidole kuelekea uani, palipokuwa na mahabusu. "Manase, mpishi wao. Siku ile mchana alimpiga marehemu kofi mbele ya kambi nzima. Kesho yake watoto wote wanatafuta huku, yeye anashuka moja kwa moja mpaka shimoni. Alijuaje?"

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Anasema aliona wengine hawashuki, akashuka yeye. Hilo nalo ni jibu?"

"Na Mwalimu Egidius umemuuliza nini?"

"Mzee yule? Amefundisha nusu ya wakubwa wa nchi hii. Alidhani kijana ametoroka, akasema ametoroka. Bon, alikosea saa. Hata mi nakosea saa." Gervasi akacheka kidogo. "Au unamwonea Manase huruma kwa sababu mmekula ugali wa mfuko mmoja?"

Alikuwa na maana ya Kibondo. Adventina alikulia kule Tanzania katika kambi ya wakimbizi, na Manase vilevile, na huku nyumbani watu waliwatambua waliorudi kwa Kiswahili chao cha kule kabla hawajamaliza sentensi moja.

"Tulikula," Adventina alisema. "Unga ulikuwa na wadudu. Nifungulie mlango."

Manase aliletwa kwenye benchi lililo kivulini. Alikuwa kijana mrefu, amekonda, shati lake limefungwa vifungo mpaka kooni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nieleze kofi."

"Alikuwa ananiiga ninavyosema." Manase aliangalia mikono yake. "'Naomba uniletee maji, tafadhali.' Hivyo hivyo, kwa sauti ya mtangazaji. Kambi nzima ikavunjika mbavu. Nikampiga. Jioni nikamwomba radhi, akaniambia, 'Yameisha, Bwana Redio.' Hata mimi nikacheka."

"Usiku ulilala wapi?"

"Chini, mtoni. Shefu, Mwalimu Egidius, alisema jiko lihamie karibu na maji. Nikalala huko peke yangu."

"Jiko lilihamishwa lini?"

"Jioni ileile."

"Na kesho yake likarudi?"

Manase alifikiri. "Likarudi. Hata sikuuliza kwa nini."

"Haya. Asubuhi. Polepole."

"Nilipanda na sufuria la chai. Walikuwa wamezunguka bendera, wameshikana mikono, wanaimba. Wakaachiana. Nikamimina vikombe, kimoja kikabaki. Nikamuuliza Raissa, kiongozi wa kundi la Husni. Nikamwambia, 'Mwenzako yuko wapi, chai inapoa.' Akaanza kulia."

"Alikuwa ameambiwa nini?"

"Hakuna aliyekuwa ameambiwa kitu. Shefu alitangaza baadaye, tumeshamaliza kunywa."

Adventina aliacha kuandika. "Una hakika alilia kabla?"

"Kabla, dada. Mimi nilidhani tumbo linamuuma."

"Endelea."

"Tukaenda kutafuta. Lakini ule utafutaji, sijui nikuambieje. Walikuwa wanaita kama darasa linalosoma ubaoni. Husni, Husni. Wanaita, wanakaa. Wanazunguka palepale kwenye nyasi fupi ambako hata sungura hawezi kujificha. Nikawaambia jamani, kule kuna shimo. Wakaangalia chini. Nikashuka."

"Wewe uliita?"

"Mpaka sauti ikakauka. Nilimkuta, nikataka kupiga kelele, haikutoka."

Gervasi alikuwa amesimama mlangoni, anajichokoa meno. "Anaeleza vizuri, eeh?" alisema. "Kama redio."

*

Baba yake Husni alikuwa fundi cherehani mtaa wa Shatanya, pale Gitega. Zuberi hakuwa mtu wa maneno. Kila Adventina alipokuja, alimsogezea kiti, akasimamisha cherehani kwa kiganja, akangoja aulizwe.

"Baba Husni, kambi ilikuwa na kundi la wazazi kwenye simu?"

"Iko. Walikuwa wanatuma picha kila asubuhi." Alimpa simu. "Angalia mwenyewe. Mi siwezi kufungua."

Picha ya asubuhi ile ilikuwepo, Adventina akajitumia kwenye simu yake. Mlima wa manjano kwa ukame, mlingoti, watoto wa kike na wa kiume wamefanya duara, mikono imeshikana kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chini yake mzazi mmoja alikuwa ameandika, "Mashallah, wanapendeza."

"Shefu alikuja hapa siku ya tatu," Zuberi alisema bila kuulizwa. "Alileta mananasi. Alikaa hapo ulipokaa. Akasema, 'Mtoto wako alitoroka, Mungu amsamehe.' Nikamshukuru. Nilimshukuru, afande. Sasa watu wanasema mtoro, mtoto wa fundi, alishindwa na baridi ya mlimani. Mama yake hatoki tena kwenda sokoni."

"Nasikia."

"Mi nataka jambo moja. Kama alitoroka, nijue alinikimbilia kwa shida gani. Kama hakutoroka, jina lake lirudi. Huyo mtu wa Muyinga mkimfunga, mkimwachia, mi simjui. Nataka kujua mwanangu."

Raissa alikaa nyumba ya tatu kutoka pale. Mama yake, Salima, alikuwa anakaanga mandazi uani, mgongo ameuelekeza kwao lakini masikio hayakuwa mbali. Msichana alikuwa na miaka kumi na sita. Alivaa kitenge na fulana ya shule, na alipoiona simu mkononi mwa Adventina, akajua.

"Nionyeshe ulipo," Adventina alisema.

Raissa alionyesha.

"Na huyu wa kushoto kwako?"

"Bahati."

"Husni husimama wapi?"

Kidole kilikwenda kikasimama pale mkono wake uliposhikana na wa Bahati.

"Hapo hapana nafasi, Raissa."

"Hapana."

"Kwa nini?"

Mafuta yalilia kwenye karai. Raissa aliangalia kule, akarudisha macho.

"Afande, ile duara hatufungagi hovyo. Mtu akikosa, akiwa mgonjwa, akiwa ameenda kwao, nafasi yake inabakia. We unanyoosha mkono hivi, hukamati kitu. Mwaka jana Josephat alilala na malaria wiki nzima. Kila asubuhi mkono wangu ulikuwa unakamata hewa. Wageni walikuwa wanatucheka."

"Na inafungwa lini?"

"Mtu akikufa."

"Nani anaifunga?"

"Shefu peke yake. Anakuja, anachukua mkono wako, anachukua wa mwenzako, anaunganisha. Hasemi kitu. Na we husemi."

"Umewahi kuona?"

"Mara moja. Shefu mmoja wa zamani alikuwa amekufa Bujumbura. Nilikuwa mdogo."

"Asubuhi ile Mwalimu Egidius aliifunga?"

"Aliifunga."

"Kabla hajasema Husni ametoroka."

"Kabla."

Adventina aliiweka simu juu ya goti. "Basi ulijua."

"Wote tulijua." Raissa alisema kwa sauti ndogo, ya kawaida. "Hatukujua amekufa vipi. Lakini mkono wa Bahati ulipoingia kwa wangu, tulijua. Halafu shefu akasema tumtafute. Tukamtafuta. Tukamwita. Manase tu ndiye hakujua, yeye iko mgeni, na alikuwa kwenye chai."

"Na wewe ukakaa kimya wiki zote hizi, na mtu amefungwa."

"Uliniuliza kama nilimwona akitoka. Sikumwona. Ya duara hukuuliza." Kisha, kama aliyeona jibu lenyewe lilivyo, akaongeza, "Tuliapa. Mambo ya duara hayatoki mlimani."

"Na usiku? Ulisikia nini usiku?"

"Nililala."

Lilitoka haraka kuliko majibu mengine yote. Adventina alingoja. Raissa aliendelea kukunja pindo la kitenge, akalikunjua, akalikunja. Salima akageuka na mwiko mkononi.

"Dada, mtoto hajala tangu jana," alisema. "Mwache kwanza."

Adventina alimwacha. Alikuwa na kitu cha kwenda nacho, na alijua cha pili kiko kwa nani.

*

Egidius aliishi Gishubi, kwenye mteremko wenye kahawa na migomba. Dereva wa pikipiki alimshusha Adventina barabarani, akapanda kwa miguu. Mzee alikuwa uani, amekaa kwenye kigogo, anachonga fimbo ndefu za skauti kwa kisu kidogo. Mashavu yake yalikuwa yamenyolewa vizuri, na shati lake la kaki limepigwa pasi.

"Karibu, binti. Umepanda kilima changu bila kuhema. We ungekuwa skauti mzuri."

"Nilikuwa, Mwalimu. Kule Kibondo."

"Ah. Kule mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tunapanga foleni ya maji na kuimba."

Alicheka kwa moyo. Akamwita mkewe alete ikawa, kahawa ya shamba lake, ikaja kwenye vikombe vya bati. Adventina alikunywa nusu kabla ya kusema lolote.

"Sikuja kukuuliza ya Husni," alisema. "Yale ulishaandika. Nilitaka kuijua kambi yenyewe. Nikisimama mbele ya mwendesha mashtaka nijue ninachokisema. Lile duara lilianza lini?"

Kisu kilisimama. Lilikuwa swali ambalo mzee aliulizwa mara chache, na lilimpendeza.

"Lilianza na padre, Mbelgiji, kabla ya uhuru. Alipanda Nyarugoma na wavulana wachache, akawalaza kwenye nyasi. Asubuhi ya kwanza alitaka kuhesabu watu, hakujua majina yao, anayachanganya. Akasema, shikaneni mikono, nitaona mwenyewe anayekosa. Ndiyo basi. Haikuwa kitu cha utakatifu. Ilikuwa kuhesabu tu."

"Na pengo?"

"Pengo lilikuja baadaye. Mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji." Aliangalia fimbo, akaigeuza. "Kiangazi kile tulikuwa tumepungua. Mi nilikuwa mtoto. Tulisimama pale, hakuna mtu anayejua nani yuko hai, nani amevuka mpaka, nani iko shimoni. Padre akasema tuache nafasi. Kila mtu asimame pale alipokuwa anasimama mwaka uliopita. Tukasimama. Binti, lile halikuwa duara. Ulikuwa mdomo wa mzee, jino hapa, jino pale."

"Mkaacha hivyo?"

"Tukaacha. Mtu akirudi, anajaza nafasi yake. Na ukweli walirudi wengine. Walivuka kutoka Tanzania, wakapanda mlima, wakasimama palepale. Wale ambao tulipata hakika kwamba hawapo, padre alikuja akafunga. Mmoja mmoja. Hakuwahi kufunga kwa kubahatisha. Alituambia, ukifunga nafasi ya mtu aliye hai umemuua, na ukiacha ya aliyekufa unamdanganya mama yake."

"Kisha tisini na tatu."

"Kisha tisini na tatu. Kambi ikafa. Miaka mingi hakuna mtu anapanda pale isipokuwa mwenye bunduki. Mi ndiye niliyeirudisha. Nilitembea kwa miguu, nyumba kwa nyumba, Gitega, Muyinga, Karuzi, nawauliza wazazi, wanadhani nimerukwa na akili. Tulipopanda tena tuliobaki wa zamani, nilifunga mimi. Asubuhi nzima nafunga. Nilipomaliza, duara lilikuwa limebaki dogo, watu tunagusana mabega." Alifuta kisu kwenye suruali. "Na hatukulia. Tuliimba."

Adventina alimaliza kikombe chake.

"Shefu peke yake ndiye anayefunga?"

"Peke yake."

"Kwa hakika."

"Kwa hakika. Uwe umeona mwili, au umeambiwa na aliyeuona."

"Hujawahi kufunga kwa wasiwasi? Kwa kosa?"

"Kamwe. Nimekuambia."

Alitoa simu, akaifungua ile picha, akaiweka juu ya kigogo kati yao, karibu na maganda ya fimbo. Mzee hakuinama. Alikuwa ameiona kabla hajaiona.

"Hii ni asubuhi ya Husni," Adventina alisema. "Mkono wa Raissa upo ndani ya mkono wa Bahati."

Kuku walipita. Mke wa mzee alitokeza mlangoni, akawatazama, akarudi ndani.

"Ungeliacha wazi," Adventina alisema, "nisingekukamata. Manase angefungwa na mimi ningetia sahihi."

"Najua."

"Kwa nini hukuacha?"

"Ningesimamaje pale, binti? Kila mtu anaimba, na pengo liko wazi, na mi ndiye ninayejua. Lile duara halijasimama na uongo hata siku moja."

"Ulimdanganya polisi. Ulimdanganya baba yake, ukamletea na mananasi."

"Baba yake hakuwa ndani ya duara."

Alilisema bila ukali, kama mtu anayemsahihisha mwanafunzi. Adventina aliliandika lilivyo.

"Nieleze usiku."

"Iko desturi nyingine."

"Ya kupewa jina."

"Unaijua?"

"Najua ilipigwa marufuku na ofisi yenu wenyewe ya skauti."

"Ofisi." Alilitamka neno taratibu. "Wavulana na wasichana wanapofika umri wa Husni, wanapewa jina la mnyama. Lakini jina halitolewi bure. Unafungwa macho juu ya mlima, unashuka peke yako kwa Njia ya Mbuzi. Viongozi wanakaa kando ya njia, mbali kidogo. Chini nakungoja mi, nakuita kwa jina jipya. Ndiyo maana mpishi nilimpeleka mtoni. Hana jina, hapaswi kusikia."

"Kusikia nini?"

Mzee alipukuta maganda ya fimbo magotini.

"Njia ya Mbuzi inapita karibu na shimo," Adventina alisema.

"Tunapita pale tangu zamani. Kamba ipo ya kushika. Ilikuwa imekatika, sikujua. Nilingoja chini, hakuja. Nikasema ameshindwa, amerudi hemani, wengine hufanya hivyo kwa aibu. Alfajiri nikapanda nikatazame hema. Halafu nikaenda shimoni."

"Akiwa?"

"Ameshapoa."

"Basi ulimwona, ukamwacha, ukaenda kwenye bendera."

"Ningesema, wangeifunga kambi. Vita viliifunga, nikaifungua. Wangekuja watu wa ofisi na makaratasi yao, ingefungwa kwa kijana mmoja aliyeteleza, na haingefunguliwa tena. Mi nina miaka mingapi iliyobaki?"

"Na Manase ana miaka mingapi?"

Mzee aliichukua fimbo, akaiweka chini tena.

"Daktari anasema Husni hakufa alipoanguka," Adventina alisema. "Alitambaa. Mtu anayetambaa ana sauti. Viongozi walikuwa kando ya njia. Wewe ulikuwa chini. Hakuita?"

"Wote wanaita," Egidius alisema. "We huelewi. Giza, macho yamefungwa, miaka kumi na mitano. Wote wanaita. Wanamwita mama, wanasema nyoka ameniuma, wanasema nimeanguka. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya usiku ule ni kwamba anayeita hajibiwi. Ukimjibu mmoja, hakuna atakayefika chini. Hata mi niliita mwaka wangu. Hakuna aliyenijibu, nikafika."

"Husni alisema nini?"

"Alisema mguu umevunjika."

"Mara moja?"

Mzee alitazama migomba yake.

"Aliita sana," alisema. "Bahati alitaka kwenda, Raissa akamzuia. Alifanya sawasawa. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha."

Adventina aliandika maelezo pale pale uani, akamsomea. Mzee alisahihisha mahali pamoja tu, jina la padre, kisha akatia sahihi kwa mwandiko wa ubaoni. Alipoambiwa avae viatu, alimwita mkewe akamwambia azimwagie maji fimbo, maana mti mbichi ukikauka na jua unapasuka.

*

Gervasi hakufurahi kwenye simu. Alisema faili limeshapelekwa, sahihi ya kumtoa Manase itapatikana Jumatatu, wikiendi hakuna wa kutia. Adventina akamwambia ampe blanketi na chakula cha maana. Gervasi akasema hiyo si hoteli. Akakata.

Alimkuta Zuberi anafunga duka. Walikaa ndani, mlango nusu wazi, na Adventina akamweleza kwa mpangilio: jaribio la jina, njia, kamba iliyokatika, shimo, duara. Fundi alisikiliza ameweka mikono juu ya magoti. Mwisho akauliza jambo ambalo alikuwa amelingoja.

"Kwa hiyo hakutoroka."

"Hakutoroka. Alikuwa anashuka kama alivyoambiwa. Nitaliandika hivyo, na litasomwa mahakamani mbele ya watu."

"Litasomwa mbele ya watu," Zuberi alirudia. Aliinuka, akaenda nyuma ya pazia kumwambia mkewe. Adventina alisikia sauti ya mwanamke, si kilio, neno moja tu refu. Fundi akarudi. Uso wake ulikuwa umelegea kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

"Basi namshukuru Mungu," alisema. "Maana nilikuwa najiuliza kila siku. Mwanangu alikuwa na sauti, afande. Madrasa walikuwa wanampa aadhini kabla ya wakubwa. Nikawa najiuliza, kwa nini hakuita? Daktari anasema alikuwa hai. Kwa nini hakuita mtu? Nikasema labda alikuwa anajificha, kweli alikuwa ametoroka. Sasa naelewa. Walikuwa mbali."

Adventina angeweza kutikisa kichwa. Lakini maelezo yalikuwa ndani ya mkoba wake, yametiwa sahihi, na yangesomwa kwa sauti katika chumba kilichojaa majirani.

"Aliita, Baba Husni."

"Na hawakusikia."

"Walisikia."

Alimweleza sheria ya usiku ule kwa sentensi fupi. Alimweleza mguu. Hakumtaja Bahati wala Raissa, lakini alisema viongozi, na Zuberi alijua viongozi ni akina nani. Mmoja alikuwa amekula ndani ya nyumba hii, ametambaa kwenye sakafu hii hii.

Nje mtu alipita na baiskeli, akamsalimu fundi kwa jina. Zuberi akaitikia, kwa adabu, bila kugeuza kichwa.

"Arobaini yake ni Jumamosi," alisema. "Walileta habari kwamba watakuja wote, na sare. Wanataka kusimama duara hapo mbele ya nyumba. Mama yake alifurahi. Ameshaloweka mchele."

Adventina alifunga mkoba wake.

"Yule wa Muyinga. Mpishi. Alimtafuta kweli?"

"Kweli. Alishuka peke yake. Aliita mpaka sauti ikaisha."

"Anatoka lini?"

"Jumatatu."

"Basi arobaini tutasoma Jumatatu. Mwambie aje. Mwambie atakaa karibu na mi." Zuberi alisimama, akakifunika cherehani kitambaa, akakaza ncha zake moja baada ya nyingine. "Wengine wasije."

"Hata yule wa hapa mtaani?"

Alichukua kufuli, akalisukuma kwenye pete ya mlango, akangoja Adventina atoke kwanza.

"Wengine wote," alisema.